Maisha ya C. P. Scott, Mhariri wa Manchester

Watu wengi wakisikia habari za magazeti yenye nguvu hufikiri mara moja magazeti ya miji mikuu, yaliyo karibu na mabunge na majumba ya wafalme. Lakini katika Uingereza, kwa muda wa zaidi ya nusu karne, mojawapo ya magazeti yaliyosomwa kwa makini sana na mawaziri na mabalozi lilikuwa gazeti la mji wa viwanda uliokuwa mbali na London, mji wa mvua na moshi ambao wazee wetu wa pwani waliujua kwa vitambaa vyake tu. Mji huo ni Manchester, na mtu aliyelifikisha gazeti lake katika daraja hiyo ni Charles Prestwich Scott, aliyeliongoza kwa miaka 57. Katika makala hii tutaeleza maisha yake, jinsi gazeti la mji lilivyopata sauti ya kusikilizwa na dunia, na jinsi lilivyokuja kuuhama mji uliolizaa.

Ili kumfahamu Scott, yatupasa kwanza kulifahamu gazeti lenyewe. Tarehe 16 Agosti 1819 watu wapatao 60,000, wengi wao wafumaji na wafanyakazi wa viwanda vya pamba pamoja na wake zao na watoto wao, walikusanyika katika uwanja wa St Peter's mjini Manchester kudai haki ya kuchagua wajumbe wa Bunge, kwani mji ule mkubwa haukuwa na mjumbe wake hata mmoja. Askari wa farasi waliwaingilia kwa panga. Watu wapatao 18 waliuawa na mamia wakajeruhiwa. Mwandishi wa gazeti la The Times la London, aliyekuwapo jukwaani, alikamatwa pamoja na wasemaji. Ndipo mfanyabiashara kijana wa pamba, jina lake John Edward Taylor, akihofu kwamba London itapokea maelezo ya mahakimu peke yao, akaandika habari za mambo yaliyotokea na kuzipeleka upesi kwa magazeti ya huko. Miaka miwili baadaye, tarehe 5 Mei 1821, alianzisha gazeti lake mwenyewe, Manchester Guardian, yaani Mlinzi wa Manchester, kwa fedha alizokopeshwa na wafanyabiashara wenzake.

Hapa lazima tuseme ukweli wote. Pamba iliyowatajirisha wafanyabiashara wale ililimwa na watumwa wa Kiafrika katika Amerika. Mwaka 2023 wadhamini wa gazeti hilo walitangaza matokeo ya uchunguzi waliouagiza wenyewe, nao wakakiri kwamba Taylor na wengi wa waliomsaidia walifungamana na utumwa kwa njia ya biashara hiyo, wakaomba radhi. Tena wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza mwaka 1861, gazeti hili halikumpenda Rais Lincoln wala kumtendea haki. Hivyo gazeti lililozaliwa kwa sababu ya damu ya maskini wa mji wake halikuwaona maskini wengine, ambao jasho lao lilifika Manchester kila juma limefungwa katika marobota.

Gazeti la mji katika siku zile lilikuwa kitu kidogo. Lilitoka Jumamosi tu, likauzwa kwa peni saba, na katika hizo peni nne zilikwenda serikalini kwa ushuru wa stempu. Fundi wa kiwandani hakuweza kulinunua. Alilisoma katika mkahawa au alisomewa na mwenzake. Ndani yake mlikuwa na matangazo ya biashara, bei za pamba, habari za meli na za mahakama, na habari nyingine zilizonakiliwa tu katika magazeti ya London baada ya kufika kwa gari la farasi. Ushuru ulipunguzwa mwaka 1836, na mwaka 1855 ukaondolewa kabisa. Hapo Guardian likaanza kutoka kila siku, na baada ya miaka miwili likauzwa kwa peni moja. Wakati huo huo simu za waya zilikuwa zimeenea nchini. Habari iliyofika London jioni iliweza kufika Manchester usiku ule ule, ikapigwa chapa, na msomaji akaikuta mezani pake asubuhi, saa kadhaa kabla ya treni kuleta gazeti la London. Mwaka 1868 wenye magazeti ya mikoani waliunda chama chao cha kukusanya habari, Press Association, wasitegemee tena makampuni ya simu yaliyowauzia habari mbovu kwa bei ya juu. Kwa sababu hizo gazeti la mji, lililokuwa ubao wa matangazo ya soko, liliweza sasa kuwa gazeti kamili. Lililokosekana lilikuwa mtu wa kuitumia nafasi hiyo.

Charles Prestwich Scott alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1846 katika mji wa Bath. Watu wa nyumba yao walikuwa Wakristo wa kundi la Unitarian, wanaomkiri Mungu Mmoja na kuyakataa mafundisho ya Utatu. Imani hiyo ilikuwa na gharama yake. Kijana huyo alipotaka kuingia Chuo Kikuu cha Oxford, kulikuwa na vyuo vilivyomdai hati ya kuonyesha kwamba ni mtu wa Kanisa la Uingereza, naye hakuwa nayo. Mwishowe chuo cha Corpus Christi kilimpokea mwaka 1865, naye akahitimu kwa daraja ya kwanza. Baadaye alikwenda Edinburgh kujifunza kazi ya gazeti katika ofisi ya The Scotsman, na mwaka 1871 akafika Manchester. Mwenye Guardian wakati huo alikuwa binamu yake, mtoto wa yule mwanzilishi, aliyeitwa John Edward Taylor kama baba yake na kuishi London. Januari 1872 binamu huyo alimkabidhi uhariri. Scott alikuwa na umri wa miaka 25.

Mwaka 1874 alimwoa Rachel Cook, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza walioufanya mtihani mkubwa wa Cambridge, ingawa chuo kikuu hicho hakikukubali kuwapa shahada kwa sababu walikuwa wanawake. Bibi huyu alikuwa mwenye elimu na rai zake, na wengi waliomjua Scott waliona athari yake katika gazeti. Mume na mke walishughulikia sana elimu ya wasichana, na Scott alikuwa miongoni mwa watu walioanzisha shule ya wasichana ya Withington, Manchester, mwaka 1890. Jambo hili si la pembeni. Scott hakuuandikia mji kama mgeni anayepita. Alikaa ndani yake, akajishughulisha na shule zake, maktaba zake, michezo yake ya kuigiza na chuo chake kikuu. Aliwataka waandishi walioweza kuhukumu mchezo wa kuigiza wa jana usiku kwa elimu ile ile ambayo London ingeutumia, akawapa nafasi. Waandishi wake wa tahariri walikaa katika vyumba vilivyofuatana kwenye ujia mmoja, na kundi lao likaitwa kwa jina hilo, Ujia. Mmoja wao alikuwa C. E. Montague, aliyekuja kumwoa binti yake.

Yeye mwenyewe alifika ofisini, katika mtaa wa Cross Street, jioni, akasoma, akazungumza na waandishi kwa zamu, akakata na kusahihisha kwa mkono wake. Hakuvumilia neno la ovyo. Usiku wa manane alipanda baiskeli yake na kurudi nyumbani Fallowfield, mwendo wa maili kadhaa, katika mvua na baridi. Aliendelea na desturi hiyo hata alipopita miaka 80, na watu wa Manchester walimzoea mzee yule mwenye ndevu nyeupe akipita gizani juu ya baiskeli.

Miaka ya kwanza ilikuwa ya utulivu, na gazeti lilikwenda pamoja na wafanyabiashara wa chama cha Liberal walioutawala mji. Mwaka 1886 Waziri Mkuu Gladstone alipopendekeza kuwapa Waayalandi serikali yao ya ndani, chama hicho kilivunjika pande mbili. Matajiri wengi waliokuwa wakilisoma Guardian waliukataa mpango huo, lakini Scott aliuunga mkono. Huo ulikuwa mtihani mdogo. Mkubwa ulikuja baada ya miaka 13.

Mwezi Oktoba 1899 Uingereza iliingia vitani na Makaburu wa Afrika Kusini. Msomaji wa Afrika ya Mashariki aweza kushangaa kwamba mtu asifiwe kwa kuwatetea Makaburu, kwani jina hilo kwetu lilikuja kuwa jina la dhuluma ya ubaguzi wa rangi hata ubaguzi huo ulipokwisha mwaka 1994. Lakini yafaa kuyatazama mambo kama yalivyoonekana wakati ule. Dola kubwa kuliko zote duniani ilikuwa ikizishambulia jamhuri mbili ndogo, na dhahabu ilikuwa imegunduliwa katika ardhi ya mojawapo. Kabla vita havijaanza, Scott alikuwa amekwisha kumtuma J. A. Hobson, mtaalamu wa uchumi, aende akaangalie kwa macho yake, na maelezo ya Hobson yaliwaonyesha wasomaji ni nani waliotazamia faida katika vita ile. Magazeti karibu yote yalipiga ngoma ya vita. Guardian lilisema vita si vya haki.

Kisha yakaja mambo ya kambi. Jeshi la Uingereza, likishindwa kuwakamata wapiganaji, liliteketeza mashamba na kuwakusanya wanawake na watoto katika kambi zilizokosa chakula cha kutosha, maji safi na dawa. Emily Hobhouse, dada wa mmoja wa waandishi wa tahariri wa Scott, alikwenda huko mwishoni mwa mwaka 1900, akaziona kambi hizo, akarudi na kueleza. Aliitwa msaliti. Gazeti la Scott lilikuwa miongoni mwa machache yaliyomsikiliza na kuieneza habari yake. Leo inajulikana kwamba Makaburu zaidi ya 26,000, wengi wao watoto, walikufa katika kambi hizo, na kwamba Waafrika zaidi ya 14,000 walikufa katika kambi nyingine zilizotengwa kwa ajili yao. Habari za hao wa pili ziliandikwa kwa uchache mno wakati ule, hata na watu wema.

Gharama ilikuwa kubwa. Wasomaji waliliacha gazeti, na wenye matangazo wakaondoa matangazo yao. Ofisi ya Cross Street na nyumba ya Scott zililazimika kulindwa na polisi. Tukumbuke kwamba hawa hawakuwa maadui wa mbali. Walikuwa jirani zake, watu aliokutana nao katika mikutano ya shule na katika maduka. Mhariri wa mji mkuu akiwaudhi wasomaji elfu moja hawajui hata kwa sura, lakini mhariri wa mji huwakuta njiani kesho yake. Na mwenye mali, yule binamu aliyekaa London, ingawa fedha zilizopotea zilikuwa zake, hakumwondoa. Sifa hiyo ni ya Taylor, na kwa kawaida husahauliwa.

Wakati huo Scott alikuwa pia mjumbe wa Bunge wa jimbo la Leigh, tangu mwaka 1895 hadi 1906. Hotuba zake hazikutikisa Bunge, na hatuna haja ya kukawia hapo.

Mwaka 1905 ulikuwa mwaka wa misiba. Bibi Rachel alifariki, na binamu Taylor naye akafariki katika mwaka huo huo. Taylor alikuwa ametamani kwamba gazeti liuzwe kwa Scott kwa bei nafuu, lakini wasia wake haukuliweka jambo hilo wazi, na wasimamizi wa mirathi walitafuta bei ya juu. Kwa muda mrefu ilionekana kwamba gazeti litaangukia mikononi mwa mtu yeyote mwenye fedha. Scott, mwenye umri wa miaka 60, alikusanya alichokuwa nacho, akapata msaada wa jamaa zake, akakopa, na mwaka 1907 akalinunua kwa paundi 242,000. Kiasi hicho kilikuwa kikubwa mno kwa mtu ambaye hakuwa tajiri. Baada ya hapo hakulitumia gazeti kujineemesha. Alijilipa mshahara wa kiasi, na faida ikarudishwa katika kazi. Mbele ya sheria gazeti lilikuwa mali yake, lakini yeye alilihesabu kuwa amana. Mwaka uliofuata mtoto wake mkubwa wa kiume, Laurence, alifariki kwa ugonjwa wa kifua kikuu alioupata akiwahudumia maskini wa mtaa wa Ancoats.

Sasa twafika katika sehemu ya maisha yake iliyo ngumu zaidi kuhukumu. Gazeti lilikuwa limepata heshima, na mwenye heshima huitwa na wakubwa. Scott alizoea kupanda treni kwenda London na kula kifungua kinywa na mawaziri, hasa David Lloyd George. Aliyoambiwa aliyaandika katika kumbukumbu zake za siri. Vita Kuu ilipokaribia mwaka 1914 aliipinga. Ilipoanza aliona haina budi kuendelea hadi mwisho. Montague, mkwewe, aliyekuwa na miaka 47 na mvi kichwani, alizipaka mvi zake rangi nyeusi ili aandikishwe jeshini.

Mwishoni mwa Desemba 1917 Lloyd George, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, alikuwa ametoka kusikia kwa mwandishi mmoja hali halisi ya uwanja wa vita. Alimwambia Scott kwamba laiti watu wangeyajua mambo hayo, vita vingesimamishwa mara moja, lakini hawayajui wala hawawezi kuyajua, kwa sababu waandishi hawayaandiki na wakaguzi wa serikali hawayapitishi. Scott aliyaandika maneno hayo katika kumbukumbu zake. Katika gazeti hakuyaandika. Yawezekana sheria za vita zingemzuia, na yawezekana aliona kwamba neno lililosemwa faraghani ni siri ya mwenye nalo. Mwandishi wa makala hii hawezi kumhukumu kwa wepesi. Hata hivyo ni vigumu kutolinganisha mhariri wa mwaka 1900, aliyekuwa hakaribishwi na wakubwa na aliyesema yote aliyoyajua, na mhariri wa mwaka 1917, aliyekaribishwa na kuyaweka moyoni.

Jambo la pili ni la Palestina. Mwaka 1914, katika mkutano wa jamaa na marafiki mjini Manchester, Scott alikutana na Chaim Weizmann, mwalimu wa kemia katika chuo kikuu cha mji huo na kiongozi wa harakati za Wayahudi za kutaka makao Palestina. Scott alivutwa na maneno yake akampeleka kwa Lloyd George. Novemba 1917 serikali ya Uingereza ilipotoa tamko lililotiwa sahihi na Balfour, Guardian lililipokea kwa shangwe. Mtu aliyekuwa amewatetea Waayalandi na Makaburu kwa hoja kwamba kila watu wana haki katika nchi yao, hakuwauliza Waarabu, waliokuwa wenyeji wengi wa nchi ile. Wasomaji wetu wanayajua yaliyofuata. Na kwa ajabu, katika miezi ile ile gazeti lake lilitoa tendo kubwa la upande mwingine. Mwandishi wake katika Urusi, Morgan Philips Price, alizipata nyaraka za mapatano ya siri ambazo serikali mpya ya huko ilizifichua, yakiwamo mapatano ya Uingereza na Ufaransa ya kugawana nchi za Waarabu, na Guardian likazichapa kwa Kiingereza. Waarabu waliokuwa wameahidiwa uhuru walipata hapo ushahidi wa kwamba nchi zao zilikwisha kukatwa katika ramani.

Baada ya vita Scott alijirudi. Serikali ya Lloyd George ilipeleka Ayalandi askari wa akiba waliochoma nyumba na kuua raia kwa kulipiza kisasi. Guardian liliyaeleza mambo hayo mwaka 1920 na 1921 bila kumhurumia Waziri Mkuu, na urafiki wa wazee hao wawili ukapoa.

Mwezi Mei 1921 gazeti lilitimiza miaka 100, na Scott akaandika makala ambayo waandishi wa habari duniani huikumbuka mpaka leo. Alifundisha humo kwamba mhariri ana ruhusa ya kutoa rai yake apendavyo, lakini habari yenyewe hana ruhusa kuitia mkono. Na kwamba mpinzani ana haki ya kusikilizwa sawasawa na rafiki. Makala hiyo ina upande mwingine usiotajwa sana. Scott alieleza kwamba gazeti ni biashara kama biashara nyingine, na lisipopata fedha hufa, lakini lina uhai mwingine usiopimwa kwa fedha. Na alionya juu ya hatari ya sauti ya mahali kumilikiwa na mtu mmoja. Alikuwa na sababu. Tangu mwaka 1896 gazeti la Daily Mail, lililouzwa kwa nusu ya peni, lilikuwa limebadili desturi zote, na tangu mwaka 1900 lilikuwa likipigwa chapa Manchester kwenyewe kwa habari zilizoletwa kwa waya kutoka London. Simu ile ile iliyolikomboa gazeti la mji sasa ilimletea mshindani mlangoni. Katika miaka iliyofuata matajiri wachache walinunua magazeti ya miji mmoja baada ya mwingine, na mji uliokuwa na mawili ukabaki na moja, lenye mwenyewe akaaye mbali.

Guardian liliponaje? Jibu ni la kawaida kabisa, na kwa maoni yetu ndilo jambo la kuzingatiwa zaidi katika habari hizi. Mwaka 1924 Scott na watoto wake walilinunua Manchester Evening News, gazeti la jioni lililoanzishwa mwaka 1868. Hilo halikusomwa na mabalozi. Lilisomwa na watu wanaorudi kazini: nani amefariki, nani amehukumiwa, timu ipi imefungwa, nyumba ipi inapangishwa, kazi ipi inatangazwa. Faida yake ndiyo iliyolilisha Guardian kwa miongo mingi. Tahariri zilizosomwa Washington na Geneva zililipiwa na tangazo la mwanamke wa Salford aliyetaka kuuza kitanda.

Scott alistaafu uhariri mwaka 1929 akimwachia mtoto wake Edward, na mwaka 1930 halmashauri ya Manchester ikampa heshima ya uraia huru wa mji. Alifariki tarehe 1 Januari 1932, akiwa na umri wa miaka 85. Mwezi Aprili mwaka huo huo Edward alizama katika ziwa la Windermere mashua yake ilipopinduka. Kodi za mirathi zingeweza kulilazimisha gazeti kuuzwa kama angefariki pia mtoto wa kiume aliyebaki, John Scott, msimamizi wa biashara. Basi John, mwaka 1936, aliacha kwa hiari yake mali yake yote katika magazeti hayo na kuikabidhi kwa wadhamini, ili faida isitumike kwa kitu kingine ila magazeti yenyewe. Aliyoyatoa yalikadiriwa kuwa na thamani ya paundi milioni moja. Wadhamini hao, wenye jina la Scott, wapo hata leo.

Walilinda uhuru wa gazeti. Makao yake katika mji hawakuyalinda. Wasomaji wa Guardian walikuwa wametapakaa nchi nzima, na tarehe 24 Agosti 1959 neno Manchester liliondolewa katika jina lake. Mwaka 1961 lilianza kupigwa chapa London pia, na mwaka 1964 mhariri alihamia huko. Kwa miaka mingi baada ya kuhama liliendelea kula chakula kilichopikwa na ndugu yake wa jioni aliyebaki nyumbani. Mwishowe matangazo madogo madogo ya kazi, nyumba na magari yakahamia katika intaneti, na gazeti la jioni likaacha kuwa ng'ombe wa maziwa. Mwaka 2010 Manchester Evening News, pamoja na magazeti mengine ya mikoani ya kampuni hiyo, liliuzwa kwa kampuni ya Trinity Mirror ya London. Thamani ya mapatano ilikuwa paundi milioni 44.8, na sehemu ndogo tu kati ya hizo, kiasi cha milioni 7.4, ndiyo iliyokuwa fedha taslimu; iliyobaki ilikuwa kuondolewa katika mkataba wa upigaji chapa. Ofisi ya Cross Street, ambayo Scott aliondoka nayo kila usiku juu ya baiskeli, ilikwisha kuvunjwa zamani, na mahali pake wamejenga maduka.